Daftari la shukrani: namna ya kuanza kukumbuka matendo ya Mungu bila kuishia njiani

Kila darasa la waumini wapya huja na maswali yaleyale. "Nikishasema asante kwa uzima na afya, naongeza nini?" "Mbona nikiomba kitu naomba nusu saa, nikishukuru dakika moja imetosha?" Na lile zito kuliko yote: "Nimefiwa. Na mimi nishukuru?" Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo. Hapa nayaweka kwa maandishi, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hata akiwa peke yake chumbani.

Shika jambo moja kabla hatujaenda mbali. Wengi wetu hatukosi shukrani kwa kuwa tuna mioyo migumu. Tunaikosa kwa kuwa tumesahau. Jambo lililotukosesha usingizi mwanzoni mwa mwaka likiisha, katikati ya mwaka hatulikumbuki hata kwa jina, maana tayari tunalia na lingine. Shukrani isiyo na kumbukumbu hubaki adabu ya kufungulia sala. Zaburi ya 103 inalijua hilo, ndiyo maana mwimbaji anaizungumzia nafsi yake mwenyewe na kuiamuru: "Wala usizisahau fadhili zake zote." Kwa hiyo kazi tutakayofanya hapa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kukumbuka. Ukikumbuka vizuri, kushukuru hakutakuwa kwa kulazimishwa.

Andaa haya kwanza

- Daftari la karatasi, la kawaida tu, lenye kurasa za kutosha miezi kadhaa. Simu inawezekana, lakini ukiifungua usiku ili uandike shukrani utakuta ujumbe wa kazini unakungoja, na hapo moyo umeshaondoka.
- Kalamu inayokaa ndani ya daftari lenyewe. Usiku ukianza kutafuta kalamu, utaahirisha.
- Biblia.
- Saa moja ya utulivu kwa siku ya kwanza, kisha dakika kumi kwa kila siku.
- Mtu mmoja unayemwamini, ambaye utaweza kumsomea unachoandika mara mojamoja.

Huhitaji kujisikia mwenye shukrani ndipo uanze. Naliweka wazi hili kwa sababu wengi hungoja hisia, na hisia haziji kwa kungojwa.

Hatua ya 1: Kusanya mawe yako kumi na mawili

Soma Yoshua sura ya 4. Israeli walipovuka Yordani, waliagizwa watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, waokote mawe katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama, wayabebe mabegani. Mawe hayo yalisimamishwa Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwasimulia. Angalia muda wake: mawe yalitolewa kabla maji hayajarudi. Makuhani walipopanda ukingoni, mto ulirudi kama kawaida yake, ukajaa hadi kingo zote. Aliyefika kesho yake asingeona dalili yoyote ya njia.

Maisha yetu ndivyo yalivyo. Maji hurudi upesi. Basi fungua ukurasa wa kwanza, andika namba 1 hadi 12, na mbele ya kila namba andika tukio moja la maisha yako ambalo unaweza kusema, kama Samweli alivyosema aliposimamisha jiwe la Ebenezeri, "Hata sasa Bwana ametusaidia."

Ukikwama, pita maisha yako kwa vipindi: utoto, shule, kuhama, ugonjwa, kazi ya kwanza, siku uliyomwamini Kristo, deni uliloona halilipiki. Kisha muulize mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Yapo mambo Mungu alikutendea kabla hujawa na akili ya kuyashika, na wanaoyajua ni mama yako, shangazi yako au kaka yako mkubwa. Wakati mwingine jiwe zito kuliko yote hutoka kwao.

Usishangae ukiishia saba. Acha namba zilizobaki wazi, nyingine zitakujia ukiwa njiani au ukiwa unafua nguo.

Neno kuhusu mpangilio. Zaburi ya 103 inapoanza kuzitaja fadhili, ya kwanza ni msamaha: "Akusamehe maovu yako yote." Kuponywa, kukombolewa na kushibishwa mema vinafuata. Nimeona madaftari mengi yaliyojaa ajira, nyumba na kupona, lakini hayana hata mstari mmoja wa kusamehewa. Jiwe la kwanza liwe hilo. Kama unajua ulisamehewa nini, kiandike hata kwa herufi za kifupi unazozielewa wewe tu.

Onyo: usipambe. Hakuna anayekudai miujiza. Kama ulipata kazi kwa sababu binamu yako alikuombea kwa bosi wake, andika hivyo hivyo. Paulo alipokuwa amebanwa kila upande Makedonia, aliandika kwamba Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito (2 Wakorintho 7:6). Faraja ya Mungu ilifika kwa miguu ya rafiki, na Paulo hakuona haja ya kuipa sura nyingine.

Hatua ya 2: Chagua saa, uifunge kwenye jambo unalolifanya tayari

Danieli alipojua kwamba amri ya kukataza watu wasimwombe yeyote ila mfalme imetiwa sahihi, aliingia nyumbani mwake akapiga magoti mara tatu kwa siku, akasali na kushukuru, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Lililomwezesha siku ile ya hatari ni zoea la siku za kawaida.

Wewe anza na mara moja kwa siku. Napendelea jioni kwa mtu anayeanza, kwa sababu siku nzima iko mbele yako na bado haijapoa. Usiseme "nitaandika nikipata nafasi." Sema "nitaandika nikishapiga mswaki, kabla ya kuzima taa." Mwenye kazi ya zamu za usiku au mtoto mchanga achague saa inayomfaa, hata iwe saa sita mchana.

Ukiwa na desturi ya kujihoji kila jioni juu ya dhambi zako, anza na shukrani ndipo uje kwenye toba. Padri Mkatoliki Ignatius wa Loyola (1491–1556) aliliweka jambo hili la kwanza kabisa katika utaratibu wake wa kuichunguza siku: shukuru kwa fadhili ulizopokea, kisha omba neema ya kuzijua dhambi zako. Si Wakatoliki pekee wanaonufaika na mpangilio huo. Anayeanza na makosa yake, mara nyingi huishia hapohapo, amechoka na amejichukia.

Hatua ya 3: Andika tukio, usiandike kichwa cha habari

Hatua hii ndiyo inayoamua kama daftari litaishi au litakufa wiki ya pili, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Watu wengi huandika hivi:

*Jumatatu: Asante Mungu kwa afya, familia na kazi.*
*Jumanne: Asante Mungu kwa afya, familia na ulinzi.*
*Jumatano: Asante Mungu kwa yote.*

Alhamisi hawaandiki. Na hawana kosa, maana hawana jipya la kusema. Maneno "afya, familia na kazi" ni ya kweli, lakini ni makubwa mno. Hayana tarehe, hayana sura ya mtu, na ukiyasoma mwakani hayatakurudisha popote.

Sasa linganisha na hii:

*Jumanne. Mtoto amelala usiku kucha bila kukohoa, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mchana jirani alikaa naye nikaenda kazini, hakuniuliza nitarudi saa ngapi. Bwana, nilikuwa nimeanza kuogopa. Ahsante kwa usingizi wake, na kwa jirani huyu uliyeniwekea karibu.*

Mistari minne tu, lakini ukiisoma baada ya miaka mitano utaisikia tena ile hofu, na utamwona jirani mlangoni. Ina mambo matatu, nayo ndiyo unayopaswa kuyaweka kila siku:

1. Kilichotokea hasa, kwa udogo wake. Nani, wapi, kiasi gani.
2. Kilikupitia kwa mkono wa nani, kama kilipitia kwa mtu.
3. Sentensi moja unayomwambia Mungu mwenyewe, kwa nafsi ya pili: "Bwana, umenifanyia hivi." Usiishie kuandika habari zake kama mtu asiyekuwepo.

Hilo la tatu ndilo linaloifanya kazi hii iwe sala. Bila hilo una shajara nzuri, lakini hujamshukuru mtu.

Tukio moja kwa siku linatosha. Mawili ni mengi. Ukiwalazimisha watu waandike kumi, wataanza kutafuta vya kujazia, na kujazia ndiko kunakoleta uchovu.

Hatua ya 4: Shukuru na watu, kwa majina

"Namshukuru Mungu wangu kila niwakumbukapo," Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Ona vile vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kuwakumbuka watu kulikuwa ndiko kumshukuru Mungu kwake. Na hakuishia kumshukuru Mungu kimya kimya, aliwaandikia, wakajua.

Mara moja kwa wiki pitia ulichoandika, piga mstari chini ya kila jina la mtu, kisha chagua mmoja umfikie. Mpigie, mwandikie ujumbe, au mwendee. Sema alichofanya kwa kukitaja: "Ile siku ulipokaa na mtoto, nilikuwa nimekata tamaa." Usiseme tu "ahsante kwa kila kitu."

Soma pia Mwanzo 40 na 41 uone gharama ya kutofanya hivyo. Mkuu wa wanyweshaji alirudishwa kazini sawasawa na Yusufu alivyomtabiria, naye Yusufu alimwomba jambo moja tu, amtaje kwa Farao. Akamsahau. Yusufu alikaa gerezani miaka miwili mizima zaidi. Hatuambiwi kwamba yule mtu alimchukia. Alisahau tu, na mwingine akakaa kifungoni kwa usahaulifu huo. Huenda katika maisha yako yupo aliyekusaidia na sasa anangoja utaje jina lake mahali fulani. Daftari litakukumbusha ni nani.

Hatua ya 5: Fungua kurasa za maombi na majibu

Nyuma ya daftari, tenga kurasa. Ukurasa wa kushoto andika ombi na tarehe. Wa kulia uache mtupu. Jibu likija, liandike mkabala na ombi lake, na tarehe yake.

Wakoma kumi katika Luka 17 walipaza sauti pamoja wakaomba rehema. Wote kumi walitakaswa wakiwa njiani. Aliyerudi ni mmoja, naye alikuwa Msamaria. Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Kurasa hizi zinakusaidia usiwe katika wale tisa, ambao nadhani hawakukusudia ubaya. Walikuwa na haraka ya kujionyesha kwa makuhani na kurudi makwao.

Majibu mengine yatakuwa "hapana" au "bado". Yaandike vilevile. Usiyageuze kuwa "ndiyo" kwa maneno ya ujanja.

Hatua ya 6: Kila wiki, rudi usome

Daftari lisilosomwa ni sawa na mawe yaliyoachwa mtoni. Chagua siku moja. Jumapili mchana inawafaa wengi. Soma wiki nzima uliyoandika, na mara moja kwa mwezi rudi kwenye ukurasa wa kwanza uyasome mawe kumi na mawili kwa sauti.

Ukitaka kufanya zaidi, tumia muundo wa Zaburi ya 136. Zaburi hiyo ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na kiitikio kilekile: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mistari yenyewe inasimulia historia: uumbaji, kutoka Misri, bahari, jangwa, wafalme walioshindwa, kisha chakula anachokipa kila chenye mwili. Andika yako. Mstari mmoja tukio la maisha yako, kisha kiitikio. "Aliyenipitisha katika upasuaji ule, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyenipa chumba nilipofukuzwa, kwa maana fadhili zake ni za milele." Familia ikiwepo, mmoja asome tukio na wengine waitikie. Watoto huipenda sana sehemu hii, nao ndio watakaokukumbusha matukio uliyoyaacha.

Hatua ya 7: Lete daftari kwenye Meza ya Bwana

Usiku ule aliotolewa, Yesu alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akasema, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Shukrani na ukumbusho viko mkononi mwake kwa wakati mmoja, na alikuwa anajua kinachomngoja usiku huohuo. Ndiyo maana kwa Mkristo, kumbukumbu zote nyingine zinasimama juu ya hii moja. Afya inaweza kuondoka, na kazi pia. Msalaba na ufufuo vimekwisha kutokea, havibatiliki.

Usiku wa kuamkia ibada ya Chakula cha Bwana (Komunyo, Ekaristi, kila kanisa lina namna yake ya kuiita), soma daftari lako la mwezi. Chagua tukio moja uende nalo. Unapopokea, taja moyoni kwanza alichokufanyia Kristo msalabani, kisha hilo moja. Usigeuze mpangilio huo. Wapo wanaokwenda mezani wakiwa na hesabu ya baraka za mwezi tu, na mwezi usipokuwa na baraka wanazoziona, hawaji kabisa.

Kama kanisani kwenu meza huandaliwa mara chache kwa mwaka, soma Luka 22:14–20 siku yako ya kurudia daftari.

Hatua ya 8: Itoe nje

Katika Walawi 7 kuna sheria ambayo wengi huipita haraka. Nyama ya sadaka ya amani iliyotolewa kwa shukrani ilipaswa kuliwa siku ileile. Hakuna kilichoruhusiwa kubaki hadi asubuhi. Pamoja nayo ilikuja mikate ya aina kadhaa. Hebu fikiria: mtu mmoja atamalizaje mnyama mzima na mikate kwa siku moja? Hana budi kuita watu. Na watu wakishakaa kula, lazima wataulizana, huyu ameponywa nini?

Basi mara kwa mara simulia. Inaweza kuwa ushuhuda kanisani, kwenye jumuiya ndogo, au mezani nyumbani. Soma ulivyoandika ili usiongeze chumvi. Dakika tatu zinatosha: hali ilikuwaje, nini kilitokea, unamwambia Mungu nini.

Kisha toa kitu. Katika Kumbukumbu la Torati 26, aliyeleta malimbuko aliweka kapu lake, akasimulia jinsi Bwana alivyowatoa babu zake utumwani, halafu akaagizwa afurahie wema huo pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Chukua tukio moja la mwezi na uliulize: kuna mtu gani aliye leo pale nilipokuwa mimi? Aliyetolewa hospitali amtembelee mgonjwa. Aliyesamehewa deni aangalie ni nani aliye na deni kwake.

Makosa yanayorudi kila mara

*Kushukuru kwa kujilinganisha.* "Nashukuru, maana wenzangu hawana hata hiki." Kumbuka ni nani katika Luka 18 aliyesali hivyo: Farisayo, aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine wala kama yule mtoza ushuru. Sala yake ilianza na neno la shukrani, lakini hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Ukiona umemtaja mtu mwingine ili wewe uonekane una heri, futa mstari huo.

*Kushukuru kama malipo ya awali.* "Nikishukuru sana, Mungu ataongeza." Hiyo ni biashara. Shukrani hutazama kilichokwisha kutolewa.

*Kuuita uovu wema.* Biblia inatuagiza tushukuru katika kila hali, lakini haituagizi tumshukuru Mungu kwa ukatili. Aliyepigwa na mumewe hapaswi kuandika "asante kwa kipigo." Aandike kwamba alifika salama kwa dada yake, kama alifika. Na atafute msaada; daftari si badala ya kutoka kwenye hatari.

*Kumlazimisha mwingine.* Hili linaniuma. Tunakwenda kwenye msiba, na kabla mfiwa hajamaliza kulia tunamwambia "shukuru Mungu kwa yote." Yesu alimlilia Lazaro, na alikuwa anajua anakwenda kumfufua. Kwa mfiwa, kaa naye. Kazi yako wiki hiyo ni kukumbuka pamoja naye aliyeondoka, kwa jina.

Siku ambazo huna la kuandika

Zitakuja. Msiba, talaka, kufukuzwa kazi, au ukavu tu usio na sababu. Hapo fanya mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, andika malalamiko. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inaanza na "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kuimba. Zaburi ya 88 haifiki kwenye kuimba kabisa. Inaishia gizani, na bado ni sala iliyohifadhiwa katika Maandiko. Daftari lako linaruhusiwa kuwa na kurasa za namna hiyo.

Pili, kopa kumbukumbu. Asafu katika Zaburi ya 77 hawezi kulala, anamuuliza Mungu maswali mazito mfululizo: je, atatupa milele, je, amesahau fadhili zake? Halafu anasema atayakumbuka matendo ya Bwana, maajabu yake ya kale. Na anachokumbuka si jambo la maisha yake mwenyewe. Ni kuvuka kwa bahari, tukio la vizazi vingi kabla yake. Siku ukiwa huna jambo lako la kushukuru, shukuru kwa la wote: nakili kwa mkono wako mistari michache ya Injili inayohusu kufufuka kwa Kristo, uandike tarehe ya leo chini yake. Siku yako imeandikwa.

Tatu, fungua mawe kumi na mawili uyasome bila kujilazimisha kuhisi chochote. Mwandishi wa Maombolezo, mji wake ukiwa umebomolewa, alifika kwenye sura ya 3 akajikumbusha kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Baada ya maneno hayo, maombolezo yanaendelea sura mbili nyingine. Kukumbuka hakukumaliza kilio chake. Kulimpa mahali pa kusimama akilia.

Anayefikiri shukrani ni ya watu wenye maisha mepesi amfahamu Martin Rinkart, mchungaji wa Kilutheri katika mji wa Eilenburg, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Tauni ilipoupiga mji huo mwaka 1637 alizika watu kwa maelfu, na mkewe alikuwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Ndiye aliyetunga moja ya nyimbo za shukrani zinazoimbwa zaidi na makanisa hadi leo, na maneno yake yalianzia kama sala ya mezani kwa watoto wake.

Ukikwama

*Nimeruka wiki mbili.* Usijaribu kuzijaza. Acha nafasi ya mistari miwili, andika tarehe ya leo, endelea. Wanaojaribu kulipa siku zilizopita huacha kabisa.

*Naandika jambo lilelile kila siku.* Punguza ukubwa wa unachotazama. Badala ya siku nzima, tazama saa moja: nini kilitokea kati ya kuamka na kutoka mlangoni? Au chagua chakula kimoja na uandike mikono yote iliyokifikisha kwako.

*Najiona mnafiki, naandika shukrani na moyoni nina hasira na Mungu.* Andika zote mbili ukurasa mmoja. Mnafiki ni yule anayeficha mojawapo.

*Sina hakika kama ni Mungu au ni bahati.* Huhitaji kuthibitisha njia aliyotumia. Yakobo 1:17 inasema kila kutoa kuliko kwema kwatoka juu. Shukuru kwa wema uliokufikia, hata kama ulipitia kwa daktari, kwa mvua, au kwa basi lililochelewa.

*Mwenzangu nyumbani haamini, ananicheka.* Usimhubirie kwa daftari. Mwandike humo. Kila wiki tafuta jambo moja jema alilofanya, na umwambie kwa maneno ya kawaida, bila kutaja daftari.

*Naogopa mtu atalisoma.* Tumia herufi za kifupi kwa mambo ya siri, na usiandike kamwe siri za wengine kwa majina yao, hata kama ni maombi waliyokuomba uwaombee. Andika "ndugu yule, jambo lile." Mungu anajua.

*Limejaa.* Andika kwenye jalada tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Nunua jipya, na kwenye ukurasa wake wa kwanza nakili upya mawe kumi na mawili. Pengine sasa ungependa kubadilisha mawili au matatu, badilisha. Hamisha pia maombi ambayo ukurasa wao wa kulia bado ni mtupu, kila moja na tarehe yake ya zamani. La zamani liweke mahali pakavu, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani mwako lilipo.